Kiwavi wa Mpunga Kwenye Bango la Mahindi

Neno "nondo" lina kazi nyingi hapa kwetu. Kwa fundi ni chuma cha kusukia zege. Kwa mwanachuo ni hoja nzito, ndiyo maana unasikia mtu anatoka darasani anasema, "leo kashusha nondo." Kwa mtu wa wadudu kama mimi, nondo ni yule ndugu wa kipepeo anayekuja usiku kujigonga kwenye taa. Makala hii ni ya huyo wa mwisho, ila nitajitahidi nimseme kwa kutumia yule wa katikati.

Ninachokihakiki leo si kitabu wala filamu. Ni bango. Karatasi ngumu ya kung'aa, ukubwa wa kama mlango wa kabati, yenye picha za wadudu wanaoharibu mahindi na maelezo mafupi chini ya kila picha. Mara ya kwanza niliiona nakala yake Kibondo, kwenye ofisi moja ya kijiji, imebandikwa juu ya kalenda iliyopitwa na wakati. Mara ya pili niliikuta Kasulu, ndani ya duka la pembejeo, nyuma ya mizani. Waliolichapisha sitawataja, kwa sababu lengo langu si kumwaibisha mtu, na kwa sababu makosa yaliyomo si ya kwao peke yao. Ni makosa yetu sote tunaojiita wanasayansi wa wadudu.

Unaweza kuuliza, kwa nini nipoteze muda kuhakiki bango? Jibu ni rahisi. Tasnifu yangu ya uzamili, kwa hesabu ya haraka, imesomwa na watu watatu, na mmoja wao ni mimi. Bango lile linasomwa na kila anayekwenda kununua mbolea. Kama kuna maandishi ya sayansi ya wadudu yanayostahili kusomwa kwa jicho kali, basi ni yale yaliyo nyuma ya mizani.

Nianze na sifa, maana zipo. Kiswahili chake ni safi, hakuna sentensi zile ndefu za semina. Herufi ni kubwa, mzee wa miaka sabini anazisoma bila kuazima miwani. Na picha ya kiwavijeshi vamizi ni nzuri kweli: inaonyesha kichwa chake chenye alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na yale madoa manne karibu na mkia yaliyojipanga kama kona za mraba. Hizo ndizo alama za Spodoptera frugiperda, mdudu wa kutoka Amerika aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka uliofuata akawa ameshafika Tanzania. Hapo bango linapata maksi zote.

Tatizo linaanza picha ya tatu. Chini yake pameandikwa "funza wa mabua", na pembeni jina la kisayansi, Chilo partellus. Nilisimama pale dukani nikihesabu mistari mgongoni mwa yule kiwavi. Nikahesabu tena. Muuza duka akadhani nasoma bei.

Kiwavi wa Chilo partellus ana mistari minne inayokwenda kutoka upande wa kichwa hadi mkiani, na pamoja nayo safu za madoa ya kahawia iliyokolea, utadhani mtu kayadonoa kwa ncha ya kalamu. Wa bangoni alikuwa na mistari mitano, mmoja ukipita katikati kabisa ya uti wa mgongo. Madoa hayakuwepo ya kutajika. Isitoshe, bua alilokaa lilikuwa jembamba kama penseli, na jani lililochungulia pembeni halikuwa la mahindi. Lilikuwa la mpunga.

Yule kiwavi si wa kwetu. Dau langu ni kwamba ni Chilo suppressalis, funza wa mpunga wa Asia ya Mashariki, ambaye wakulima wa China, Japani na Korea wanamjua kama sisi tunavyomjua panya wa ghalani. Nasema "dau langu" kwa makusudi. Mistari mitano peke yake haitoshi kumfunga mtu, kwa sababu yuko na Chilo auricilius, wa miwa, naye wa Asia, naye ana mitano. Lakini kwamba si Chilo partellus, hilo naweza kulisema mbele ya kamati yoyote ya utetezi wa tasnifu.

Kosa kama hili linatokeaje? Nadhani mtu wa kusanifu kurasa aliambiwa atafute picha ya "funza wa Chilo", akaingia mtandaoni, akachukua ya kwanza iliyokuwa kali. Nchi zinazokula wali kila siku zimempiga funza wao picha kwa miongo mingi. Sisi wa kwetu hatujampiga vya kutosha. Kwa hiyo hata kabla ya kumlaumu msanifu, tujiulize sisi tulioshika kamera za maabara tumeweka picha ngapi mahali ambapo mtu angeziona.

Sasa niseme kidogo huyu Chilo partellus ni nani hasa, maana historia yake ni tamu kuliko watu wanavyodhani. Naye si mwenyeji. Ni nondo wa Asia, na jina lake alilipewa na Charles Swinhoe, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa India, katika maandishi yake ya mwaka 1885 juu ya nondo na vipepeo vya Bombay na Deccan. Kaka mtu, Robert Swinhoe, alikuwa balozi mdogo upande wa China na Taiwan, naye alikusanya viumbe kama mwendawazimu. Familia nzima ilikuwa na ugonjwa huo. Yule wa mpunga alipewa jina miaka zaidi ya ishirini kabla, mwaka 1863, na Francis Walker wa jumba la makumbusho la Uingereza, mtu aliyeandika maelezo ya maelfu ya wadudu kwa kasi ya kutisha na ambaye wenzake hawakuacha kumlalamikia kwa kumpa mdudu mmoja majina mawili au matatu.

Kwa muda mrefu vitabu vya kilimo vilimwita huyu wetu Chilo zonellus. Ukikuta ripoti ya zamani ya Afrika Mashariki yenye jina hilo, usidhani ni mdudu mwingine aliyetoweka. Ni yuleyule. Mwaka 1970 Stanisław Błeszyński alichapisha mapitio ya spishi zote za Chilo duniani, akizitenganisha kwa kile ambacho wataalamu wa nondo hukiamini kuliko rangi ya bawa: viungo vya uzazi. Yaani unakata mwisho wa tumbo la nondo mkavu, unauloweka kwenye potashi hadi nyama ilainike, unausafisha, unautazama kwenye hadubini. Umbo la vile viungo ndilo linalosema huyu ni nani. Mabawa ya nondo hawa yote ni rangi ya majani makavu, na yakichakaa kidogo hata aliyezaliwa nao hawatambui.

Chilo partellus alionekana Afrika kwa mara ya kwanza Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa Afrika Mashariki, ametulia. Pwani ya Kenya alimkuta ndugu yake mwenyeji, Chilo orichalcociliellus, akamsukuma pembeni mpaka akawa adimu kwenye mahindi. Kwa hiyo picha ya bangoni imemweka Mwasia mmoja mahali pa Mwasia mwingine. Mtu anaweza kusema, basi tofauti iko wapi, si wote ni funza, si wote wanatoboa?

Hapo ndipo nataka tutulie.

Mwaka jana nilikwenda shamba moja nje kidogo ya mji wa Kasulu. Mwenye shamba ni mama wa makamo, anayelima mahindi na maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa wadudu?"

"Ndiyo mama."

"Haya njoo uone. Nimepiga dawa mara tatu. Hela yote ya daftari za watoto iko humu shambani."

Kijana wake alikuwa amepiga picha jani lenye matundu, akaipitisha kwenye programu ya simu, nayo ikajibu bila hata kusita: kiwavijeshi vamizi. Alipotaka uhakika zaidi akaenda dukani, akatazama bango. Kiwavi aliyemwona shambani hakufanana na yule wa mistari mitano. Akaona basi, kwa kuwa si funza wa mabua, lazima simu imesema kweli. Wakanunua dawa ya kiwavijeshi.

Nilipasua bua moja pale pale. Ndani mlikuwa na viwavi wawili, kila mmoja kwenye handaki lake. Mmoja alikuwa na mistari na madoa, Chilo kabisa. Mwingine alikuwa mweupe wa kuchafuka, amepakwa waridi kidogo, hana mistari ya maana. Kiwavijeshi hakuwepo hata mmoja kwenye mabua tuliyoyapasua asubuhi ile. Dawa iliyopigwa mara tatu ilikuwa imeoga majani, na hawa mabwana walikuwa ndani ya bua wanakula kwa raha zao.

Hii ndiyo tofauti ambayo bango lilipaswa kuieleza na halikuieleza. Kiwavijeshi vamizi anakaa kwenye kikonyo cha majani machanga, anaacha kinyesi kama unga wa mbao, na dawa ikidondokea mle inamfikia. Funza wa mabua naye anaanza utoto wake kwenye majani machanga, ndiyo maana matundu ya mwanzo yanamdanganya mtu, hasa jani linapokunjuka na kuonyesha matundu yaliyojipanga mstari. Lakini baada ya siku kadhaa anaingia ndani ya bua, na akishaingia, kumpigia dawa kwa nje ni kama kumpigia honi mtu aliyelala chumbani na redio imewashwa. Muda wa kumwahi ni mfupi. Anayekosea jina, anakosea wiki. Anayekosea wiki, anamwaga hela chini.

Na huyo mwingine mweupe je? Huyo ni Busseola fusca, mwenyeji wa Afrika, nondo wa familia nyingine kabisa. Bango halimtaji popote. Kwa watu wa Kigoma nyanda za juu hili ni pengo kubwa kuliko hata kosa la picha. Kwenye vitabu vyote vya funza wa mabua utakuta kanuni moja: Chilo partellus anapenda joto la nyanda za chini, Busseola anapenda ubaridi wa juu. Ukitoka Kigoma mjini, ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda hadi Kasulu umevuka 1,200. Maana yake ni kwamba mashamba ya huku yamekaa kwenye ule ukanda ambao wote wawili wanakutana, kama bua la yule mama lilivyoonyesha. Bango lililochorwa kwa ajili ya tambarare za joto likibandikwa Kibondo linaonyesha nusu ya wahusika, na hiyo nusu yenyewe imekosewa sura.

Msomaji wa haraka atasema, vyovyote vile, wote wako ndani ya bua, tiba ni ileile. Nilidhani hivyo na mimi. Halafu nikasoma habari za nyigu.

Chini kabisa ya bango kuna mstari mmoja: "Maadui wa asili: nyigu wadogo." Ni kweli, ila ni ukweli wa kumwambia mtu "panda gari" bila kumwambia linakwenda wapi. Miaka ya 1990 kituo cha icipe cha Nairobi kilileta kutoka Pakistani nyigu mdogo sana, urefu wa kama milimita tatu, anayeitwa Cotesia flavipes. Mantiki ilikuwa nzuri: mdudu mvamizi katoka Asia akawaacha adui zake huko, basi tumfuate adui tumlete. Waliachiwa pwani ya Kenya mwaka 1993. Jike anaingia mwenyewe kwenye handaki la funza, anamdunga, anaweka mayai ndani ya mwili wake. Watoto wanamla wakiwa ndani, kisha wanatoka na kusuka vifuko vyeupe vinavyofanana na punje za mchele. Kwa Chilo partellus kazi inakwenda vizuri, na nyigu yule amesambaa na kujiotesha kwenye eneo hili la Afrika.

Mpe sasa Busseola. Nyigu anamkubali, anamdunga, anaweka mayai kama kawaida. Lakini damu ya Busseola inayatambua mayai yale, chembe zake zinayazunguka na kuyafunika moja moja mpaka yanakufa. Funza anaendelea kula mahindi. Nyigu kapoteza uzazi wake wote bila kujua. Ana kipimo cha kumtambua mwenyeji, na kipimo hicho kinamdanganya kama programu ya simu ilivyomdanganya kijana wa Kasulu.

Kuna na la kushangaza zaidi. Tunaye nyigu wetu mwenyeji, Cotesia sesamiae. Watafiti walipochukua wale wa Kitale, nyanda za juu za Kenya ambako Busseola amejaa, walikuta wanakua ndani ya Busseola bila shida. Walipochukua wale wa Mombasa, wa jina hilohilo, sura hiyohiyo, mayai yao yalifunikwa na kufa. Spishi moja kwenye karatasi, tabia mbili shambani. Mimi kila nikifika hapo nasimama kidogo. Tumezoea kufundisha kwamba ukishapata jina la spishi kazi imeisha. Kumbe kuna mahali hata jina sahihi ni dogo mno.

Kwa hiyo mstari wa "nyigu wadogo" bila kusema nyigu gani kwa funza gani ni sawa na ushauri wa bure. Na huwezi kusema funza gani kama picha yako ni ya mpunga.

Nirudi kwenye simu, maana najua wasomaji wengi wa hapa wanazipenda hizi programu na wanasubiri nizitetee. Sizichukii. Nyingi zinafanya kazi nzuri kwa maua na ndege. Shida yake kwa viwavi ni kwamba inatafuta kufanana, na inatafuta miongoni mwa picha ilizolishwa tu. Ikiwa imelishwa viwavijeshi elfu na Busseola wachache, jani lolote lenye tundu litaitwa kiwavijeshi. Na haina aibu: jibu la kubahatisha inalitoa kwa sauti ileile ya jibu la uhakika. Mwalimu wangu mmoja alikuwa akituambia kwamba mtambuzi mzuri ni yule anayejua kusema "sijui, niletee mwingine." Bado sijakutana na simu iliyosema hivyo kwa Kiswahili.

Mitego ya feromoni nayo ina ujanja wake. Unaweka harufu ya jike wa spishi moja, unategemea madume wa spishi hiyo tu. Lakini kwenye mitego ya kiwavijeshi vamizi huingia nondo wengine wa kahawia wasiohusika, na anayehesabu vichwa bila kutazama mabawa anatuma takwimu za uongo akiwa na moyo safi.

Kuna njia ambayo haihitaji mtandao wala kiwanda cha vinasaba, na ndiyo ningependa ichukue nafasi ya lile tangazo la rangi lililojaza robo ya bango. Mgeuze kiwavi chali. Nyuma ya miguu yake sita ya kweli ana miguu bandia, ile minene kama vijiti vya tumbo. Chini ya kila mguu bandia kuna vindoana vidogo vya kushikia. Kwa Chilo vimejipanga duara kamili, kama taji. Kwa Busseola, kwa Sesamia, na hata kwa kiwavijeshi, vimejipanga nusu duara, kama mwezi mwandamo. Lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi inatosha, ukiwa na jua na mkono usiotetemeka. Nimemfundisha jambo hili mtoto wa darasa la sita Kibondo. Baada ya viwavi watano hivi alikuwa ananisahihisha.

Mayai nayo yanasema. Chilo anayapanga juu ya jani yakilaliana kama magamba ya samaki. Busseola anayaficha nyuma ya ala ya jani, pale linapokumbatia bua, usipoifungua huyaoni. Kiwavijeshi vamizi anayataga kwa lundo na kulifunika kwa manyoya ya mwili wake, likaonekana kama ukungu. Picha tatu ndogo za mayai zingemwezesha mtu kujua adui kabla hata hajaanza kula. Bango halina yai hata moja.

Halafu kuna suala la majina yetu wenyewe, na hapa nitawachokoza watu wa lugha. "Funza wa mabua" tunamwita Chilo, tunamwita Busseola, tunamwita Sesamia. Jina moja, nondo watatu, maisha matatu tofauti. Tukilinganisha na dumuzi: mende yule wa ghalani kutoka Amerika ya Kati alipotokea Tabora, majirani zetu hapo, watu hawakusubiri wataalamu. Walimwita "Scania", kwa jina la lori, na kila mtu alijua ni yupi. Alikuwa mpya, alikuwa na nguvu, na jina lilimtenga na bungua wa zamani siku hiyohiyo. Kiwavijeshi "vamizi" naye amepata kivumishi chake, kikamtofautisha na yule Spodoptera exempta wa miaka yote anayetokea kwa makundi baada ya mvua na kuhama kama jeshi. Neno moja tu, lakini limefanya kazi ya ukurasa mzima. Kwa nini funza wa mabua wabaki kwenye gunia moja? Madoa yapo, rangi ipo, "funza madoa" na "funza waridi" si majina magumu. Sidai hayo ndiyo yawe. Nadai yawepo.

Kabla hamjanirukia, niungame. Kwenye data zangu za kwanza za uzamili nilikuwa na chupa kadhaa za viwavi nilizoziandika Busseola. Nilikuwa na haraka, mvua inanyesha, na wote walikuwa na ule uwaridi. Miezi baadaye nondo walipotoka kwenye pupa, baadhi wakawa Sesamia calamistis. Ilibidi nifute safu nzima kwenye jedwali na nimweleze msimamizi wangu kwa nini. Kwa hiyo ninapoandika kwamba msanifu wa bango alichukua picha isiyo yake, naandika kama mtu aliyewahi kuandika jina lisilo lake kwenye chupa, tena akiwa amemshika mdudu mwenyewe mkononi.

Tofauti ni kwamba kosa langu lilirekebishwa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kunihoji. Bango nani analihoji? Karatasi ya jarida inapita kwa wahakiki wawili watatu kabla haijachapishwa, wanabishana mpaka juu ya nukta. Bango linapita kwa mchapaji. Nimeuliza wenzangu kadhaa wa kozi yetu kama kuna aliyewahi kuombwa apitie picha za bango la kilimo kabla halijatoka. Hakuna. Nikauliza kama kuna aliyewahi kujitolea bila kuombwa. Hakuna pia, mimi nikiwemo. Tunao watu wenye makusanyo na ujuzi, Arusha kuna mamlaka ya afya ya mimea, vyuo vina makabati ya nondo waliochomwa pini tangu enzi za walimu wa walimu wetu. Picha moja ya Busseola kutoka kwenye shamba la Kasulu ingegharimu nauli ya bodaboda na nusu siku.

Nilirudi lile duka la pembejeo wiki mbili baada ya kuliona bango. Nikamweleza muuza duka, taratibu, nisije nikaonekana namharibia biashara. Alinisikiliza huku anapima mbegu za mtu. Alipomaliza akatoa kalamu ya wino mnene chini ya meza.

"Basi kaka, ongeza hayo madoa."

Nikamwambia madoa hayatoshi, mstari wa katikati lazima ufutwe, na hata hivyo bua ni la mpunga. Akacheka. Tukakubaliana nichukue karatasi nyeupe, nichore upya viwavi wawili kwa mkono, mmoja wa madoa na mmoja wa waridi, na ile miguu bandia miwili kubwa pembeni, duara na nusu duara. Uchoraji wangu si wa kujivunia. Busseola wangu anafanana na soseji. Akaigundisha juu ya picha ya tatu, akarudi nyuma akaitazama, akauliza kama ninayo lenzi ya akiba ya kuacha pale mezani. Nilikuwa nayo moja tu. Nikamwachia.